Kwa Nini Lazima Afe?

Ukitaka kujua watu wa mahali fulani wanasoma nini, usianzie maktaba. Anzia kituo cha mabasi. Nimefundisha miaka 38, kuanzia 1973 hadi 2011, katika wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, Handeni na Korogwe, na katika miaka hiyo nimeona makabati mengi ya vitabu vya shule yaliyofungwa kwa kufuli, vitabu vikiwa vipya kwa sababu hakuna aliyevigusa. Lakini pale Korogwe, ambapo basi la kutoka Dar es Salaam lilipishana na la kutoka Moshi, palikuwa na vijana waliotandika magunia chini na kupanga juu yake vitabu vidogo vya majalada laini. Juu ya jalada kulikuwa na msichana mwenye macho makubwa, au bastola, au gari na chupa. Vitabu hivyo havikukaa sana kwenye gunia. Vilinunuliwa, vikapanda basi, vikashuka Segera, Kabuku, Mkata na Chanika, vikasomwa hadi vikachakaa.

Wataalamu wa fasihi huviita riwaya pendwa. Sisi tuliviita vitabu vya hadithi tu. Ukoo wake ni wa miaka mingi. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957-58 kwa hadithi yake ya Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikachapwa 1960, na mpelelezi wake Bwana Msa akawa mtu wa kila nyumba yenye msomaji. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Mwaka 1971 John Simbamwene akatoa Mwisho wa Mapenzi. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamleta jasusi Willy Gamba katika Kufa na Kupona, na baada ya hapo mlango ukafunguka: Hammie Rajab, Eddie Ganzel, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, Kajubi Mukajanga na Kitanda cha Mauti cha mwaka 1982.

Hebu yatazame majina hayo, ndugu msomaji. Simu ya kifo. Mwisho wa mapenzi. Kitanda cha mauti. Hata kabla hujafungua ukurasa wa kwanza umekwisha kuambiwa kuwa anasa ina bei yake na bei yenyewe ni uhai. Jambo hilo ndilo ninalotaka kulizungumza hapa: mwisho wa vitabu vya bei rahisi, hasa vile vinavyosimulia mapenzi ambayo jamii haiyataki, na sababu inayomfanya mwanamke aliyemo asifike ukurasa wa mwisho akiwa mzima.

Kwanza tuukumbuke wakati wenyewe. Mwaka 1967 karibu watu wazima wawili katika kila watatu nchini hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa yakafunguliwa chini ya miembe na ndani ya maghala, na kufikia 1986 takwimu za Serikali zilionyesha kuwa wasiojua kusoma wamebaki chini ya mmoja katika kila kumi. Ilikuwa kazi kubwa, nami nilitia chaki yangu humo. Lakini baada ya kuwafundisha tuliwapa nini cha kusoma? Vijitabu vya kilimo bora cha pamba, ufugaji wa kuku na uchimbaji wa vyoo. Ni vitabu vyenye faida, wala sivibezi. Ila mama aliyekesha akiunganisha herufi kwa mwanga wa koroboi hakufanya hivyo ili asome habari za mbolea maisha yake yote. Alitaka kujua fulani alimpenda nani, na ikawaje.

Walinzi nao walikuwa wengi. Umoja wa vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, sketi fupi, mawigi na suruali za kubana zikapigwa vita. Mwaka 1976 vitabu vya Mkenya David Maillu vilipigwa marufuku nchini. Shuleni mlinzi alikuwa mwalimu, na walimu wengi walivichana vitabu vya hadithi mbele ya wanafunzi au walivitia jikoni. Mimi nilikuwa na utaratibu wangu. Kitabu kikikamatwa wakati wa hesabu kilikaa katika droo yangu hadi Ijumaa, na siku hiyo mwenyewe alikuja kukichukua kwa sharti moja: anisimulie alipofikia. Nilisikia hadithi nyingi kwa njia hiyo, na nikaona jambo. Watoto walisimulia katikati ya kitabu kwa shauku, wakirudi nyuma na kurekebisha, wakiiga sauti za watu. Mwisho waliutaja kwa pumzi moja, kama mtu anayemaliza sala ili aende kula. Akafa. Akafungwa. Akapata wazimu. Akarudi kijijini akatubu. Walijua kuwa sehemu ile haikuwa yao.

Katika shule moja ya kijiji wilayani Handeni, ambako nilikuwa mwalimu mkuu, tuliletewa mwaka 1978 walimu wawili wa UPE. Kwa vijana wa leo nieleze kuwa ulikuwa mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote. Wanafunzi waliongezeka ghafla, walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa na kufunzwa ualimu wakiwa kazini, kwa masomo ya posta na redio. Hawa wawili walikuwa wasichana, mmoja Mbondei kutoka upande wa Muheza, mwingine Mzigua wa hapohapo Handeni. Walipewa chumba kimoja na sebule katika nyumba ya walimu, na muda si mrefu wakawa mashoga. Nalitumia neno hili kama lilivyotumika Tanga nilipokuwa kijana: shoga ni mwanamke ambaye mwanamke mwenzake humwambia siri zake, humsuka nywele, huvaa naye kanga za doti moja. Mtu aliweza kuliita jina hilo barabarani na hakuna aliyegeuka. Leo mjini limechukua maana nyingine, na wanawake wa makamo wanalitamka wakiangalia nyuma.

Mishahara ya walimu wale ilikuwa midogo, lakini kila mwisho wa mwezi mmoja wao alipokwenda mjini kufuata mshahara hakukosa kurudi na kitabu. Walikuwa na sanduku la bati, na baada ya miaka miwili halikufunga tena vizuri. Vitabu vyao viliazimwa na kijiji kizima, kuanzia mganga wa zahanati hadi karani wa chama cha ushirika. Anayejua maisha ya kitabu cha karatasi hafifu anajua pia kinavyokufa: jalada hutoka kwanza, kisha kurasa za mwanzo, kisha zile za mwisho. Vingi vilirudi sandukuni vikiwa katikati tu. Basi jioni, sahani zikishaoshwa, wale wawili walimalizia wenyewe kwa mdomo. Mzigua alikuwa mwepesi wa kuua. Mbondei alikataa. "Huyu hatufi," alikuwa akisema, nasi tuliokuwa barazani tulimsikia, "mtafutie basi apande aende zake."

Mwaka 1979 iliwafikia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Kitabu hiki si ndugu wa vile vya kwenye gunia. Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alikitoa mwaka 1971 muda mfupi baada ya kuhitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hakukiandika ili kimpe mtu usingizi ndani ya basi. Lakini kilisomwa kwa namna ileile, kwa kificho, kwa sababu kilizuiwa kuingia shuleni kutokana na mambo ya mwili yaliyomo. Rosa ni binti wa baba mlevi na mkali, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Amefungiwa asijue chochote kuhusu wanaume, na anapotoka nyumbani kwenda masomoni, hatimaye katika chuo cha ualimu Morogoro, anajikuta mikononi mwa wanaume waliosoma na wenye vyeo. Wanamchukua, wanamwacha, na mwisho mchumba anayemtumaini anamkataa kwa kuwa si bikira. Rosa anajiua.

Mwalimu yule Mbondei alikuja ofisini kwangu na kitabu kimefungwa ndani ya gazeti. Alikuwa na miaka 19. Alisimama, akakataa kiti.

"Shikamoo Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, binti."

"Nina swali, si la kazi. Huyu Rosa, kwa nini lazima afe? Wale waliomfanyia wako hai. Wanakwenda kazini."

Nilimwambia akisome tena, ahesabu ni wangapi wamemsukuma. Akarudi baada ya wiki moja akasema amehesabu, ni wengi, na swali lake liko palepale.

Swali lile halikuwa la vitabuni tu. Yeye na mwenzake waliona wasichana wa darasa la sita na la saba wakiondolewa shuleni kwa sababu ya ujauzito, na hawakurudi. Ndiyo iliyokuwa kanuni ya nchi hadi Novemba 2021, Serikali ilipotangaza kwamba wanaweza kurejea katika mfumo rasmi wa shule. Mvulana mara nyingi alibaki kwenye dawati lake. Kwa hiyo aliposoma habari ya msichana anayeadhibiwa peke yake kwenye ukurasa wa mwisho, hakuona ubunifu wa mwandishi. Aliona utaratibu anaoujua.

Jibu la upande mmoja lilinifikia nikiwa nimekwisha kustaafu, nalo lilitoka mbali sana na Handeni. Mjukuu wangu anayesomea ukutubi ng'ambo, akijua udhaifu wangu kwa vitabu vya bei rahisi, aliniletea vitatu vya Kimarekani vya miaka ya 1950, vilivyochapwa upya. Aliniangalia usoni akanionya: "Babu, hivi vinahusu wanawake waliopendana wao kwa wao." Nikamwambia nimeshasoma habari za watu waliokata wenzao vichwa, sidhani kama mapenzi yataniua. Nikakaa navyo miezi miwili na kamusi pembeni.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, wachapishaji wa Marekani waligundua kuwa kitabu cha jalada laini na karatasi hafifu, kwa bei ya senti 25, kinaweza kuuzwa popote panapouzwa sigara: dukani, stesheni, kituo cha mabasi. Mwaka 1950 kampuni ya Fawcett ilianzisha chapa yake ya Gold Medal, na mwaka huohuo ikatoa Women's Barracks cha Tereska Torrès, mwanamke wa Kifaransa aliyekuwa askari London katika jeshi la Wafaransa Huru. Humo kambini baadhi ya wanawake wanapendana. Kitabu kiliuzwa kwa mamilioni. Mwaka 1952 kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Ezekiel Gathings ilikaa kuchunguza vitabu vya namna hiyo, nacho kikawa miongoni mwa vilivyonyooshewa kidole. Majalada yalichorwa kwa ajili ya macho ya wanaume, na wanaume walinunua kweli. Lakini ndani ya umati ule walikuwamo wanawake walionunua wakiwa wameinamisha uso, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine walipoweza kusoma habari za mtu aliyefanana nao.

Mwaka 1952 Gold Medal ilitoa Spring Fire cha Vin Packer. Jina hilo lilikuwa la bandia. Mwandishi alikuwa msichana aitwaye Marijane Meaker, aliyezaliwa 1927. Ni hadithi ya wanafunzi wawili wa chuo, Leda na Mitch. Hata jina la kitabu alichaguliwa, kwa matumaini kwamba wanunuzi watakichanganya na kitabu cha mwandishi mashuhuri James Michener chenye jina la kukaribiana. Na mhariri wake, Dick Carroll, alimweleza sharti waziwazi: mwisho usiwe wa furaha. Vitabu vilisafirishwa kwa posta, na wakaguzi wa posta wangeweza kuuzuia mzigo mzima kama mapenzi ya aina ile yangeonekana kusifiwa. Basi ikawa hivyo. Leda anapata wazimu anapelekwa hospitali, Mitch anatambua kwamba hakumpenda kamwe. Mzigo ukapita. Ziliuzwa karibu nakala milioni moja na nusu, na Meaker mwenyewe kwa miaka mingi hakupenda kitabu kile kichapwe tena, hadi 2004.

Posta ileile iliyoogopwa ndiyo iliyoleta majibu. Barua zilimiminika kutoka kwa wanawake wa miji midogo, na moja ilitoka kwa mama wa nyumbani wa Philadelphia ambaye baadaye alijiita Ann Bannon. Yeye akatoa Odd Girl Out mwaka 1957, na humo msichana Laura, badala ya kufa, anapanda treni na kwenda zake New York. Bannon aliandika vingine kadhaa hadi 1962, kisha akaacha, akawa mhadhiri na kiongozi katika chuo kikuu huko Sacramento.

Kitabu cha tatu kilikuwa The Price of Salt cha Patricia Highsmith, aliyekwisha kupata jina kwa hadithi za uhalifu. Mchapishaji wake wa kwanza alikikataa, mwingine akakitoa 1952 kwa jina la Claire Morgan, na jina lake halisi likawekwa juu yake mwaka 1990, kitabu kikiitwa Carol. Humo wanawake wawili wanafika mwisho wakiwa hai na wakiwa pamoja. Lakini Carol amempoteza bintiye mdogo, kwa kuwa mume anapata ushahidi wa kumnyang'anya. Highsmith hakusema kwamba hakuna gharama. Alikataa tu kwamba gharama lazima iwe kaburi au wazimu.

Nilipomaliza nilimkumbuka mwalimu yule. Sasa amestaafu na anaishi Manundu, Korogwe, katika chumba cha kupanga. Kiingereza chake si kikubwa, hivyo nilikwenda nikamsimulia vyote vitatu kwa Kiswahili, alasiri nzima, yeye akichambua mchicha. Nilipofika kwenye amri ya mhariri, mikono yake ikasimama.

"Kwa hiyo siye mwandishi aliyemuua," akasema. "Ni posta."

"Ni posta."

Akacheka sana, kisha akanyamaza. Nikaendelea hadi kitabu cha tatu. Akaniuliza: "Wote wawili wako hai?" Nikamwambia wako hai. "Na yule mtoto?" Nikamwambia mtoto amechukuliwa. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye mchicha wake. "Basi hicho kimeandikwa na mtu anayejua," akasema.

Nilijua anasema nini. Yeye na mwenzake yule Mzigua hawakutengana tangu 1978. Walihamishwa pamoja, na mara mmoja alipohamishwa peke yake mwenzake aliomba uhamisho hadi akaupata. Hawakuolewa. Walijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na ukumbi, kwa mishahara miwili, na kiwanja kikaandikwa jina la Mzigua kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ndugu katika kamati ya kijiji wakati kinagawiwa. Walikuwa nini wao kwa wao, sikuwahi kuuliza, wala haikunihusu. Ninachojua ni kwamba mmoja alipougua, mwingine alilala sakafuni hospitalini majuma sita.

Mgonjwa alifariki mwaka 2009. Baada ya arobaini familia ilikaa kugawa mali. Tuliitwa wazee kadhaa, nami nikiwamo, nikasema ninachokijua: matofali yale yalinunuliwa na watu wawili, niliona kwa macho yangu. Walinisikiliza kwa adabu. Lakini jina kwenye karatasi lilikuwa moja, na aliyebaki hakuwa ndugu, hakuwa mume, hakuwa mtoto. Lugha yetu, yenye jina la kila aina ya ujamaa, mpaka wifi na mavyaa na mkazahau, haikuwa na jina lake ambalo kikao kile kingeweza kuliandika. Aliruhusiwa kukaa hadi mwisho wa mwaka. Alipoulizwa anataka kuchukua nini, alisema sanduku la vitabu. Akapewa, na watu wakashangaa kwamba ameomba kitu kisicho na thamani.

Siku ile ya mchicha aliniuliza pia habari za Rosa. Je, naye aliuawa na posta? Nililifikiri swali hilo njiani nikirudi, na naliandika jibu langu hapa kwa faida ya wengine. Naona kuna vifo vya aina mbili vitabuni. Kimoja ni ushuru. Mwandishi anaulipa mlangoni ili kitabu kipite, na msomaji mwenye akili anaufahamu kama watoto wangu wa Ijumaa walivyoufahamu: anaupitia haraka na kubaki na katikati. Leda alikuwa ushuru. Bila shaka wengi wa wasichana wa vitabu vya kwenye gunia, waliokufa ili mzazi na mwalimu na mchungaji na shehe waridhike, walikuwa ushuru vilevile.

Cha pili ni mashtaka. Rosa anakufa, na maiti yake inawekwa mbele ya baba, mbele ya wapenzi wenye vyeo, mbele ya mchumba anayedai usafi ambao yeye mwenyewe hana. Hapa adhabu haimridhishi mlinzi. Inamgeukia. Na tazama ajabu yake: vitabu vya Kimarekani vililipa ushuru vikapita, lakini Rosa Mistika, ambayo ndani yake mwenye dhambi anakufa kama inavyotakiwa, ilizuiwa mlangoni mwa shule vilevile. Kama tatizo lingekuwa kwamba uovu hauadhibiwi, isingezuiwa. Ilizuiwa kwa kuwa ilisema mambo ya mwili kwa uwazi, ndivyo tulivyoambiwa. Mimi naona ilizuiwa pia kwa sababu ilitaja waliokuwa wanasukuma, na baadhi yao walikuwa watu wa daraja letu, sisi wenye chaki na mihuri. Miaka ilipita, riwaya hiyo ikaingizwa katika masomo ya sekondari, na wanafunzi wakaijibia mitihani. Kezilahabi alifariki Januari 2020. Swali la binti wa miaka 19 lilistahili kumfikia.

Siandiki haya ili nimfundishe mtu ampende nani. Umri wangu ni wa kusikiliza zaidi. Naandika kama mwalimu, juu ya kusoma. Tuliwafundisha watu wetu kuunganisha herufi, tukawafundisha kutafuta funzo la hadithi, na funzo tukaliweka siku zote kwenye ukurasa wa mwisho: mtoto mtundu aliliwa na fisi. Tungewafundisha pia kuuliza ni nani aliyetaka fisi aje. Mara nyingine ni mwandishi, naye ana sababu zake. Mara nyingine ni mhariri mwenye hofu na mzigo wake. Mara nyingine ni sisi, tuliosimama mlangoni na fimbo, na mwandishi ametuona kwa mbali akatuandikia tunachotaka ili atupite.

Kwa mwalimu kijana atakayeyasoma haya nina wasia mfupi. Siku utakapomkuta mwanafunzi na kitabu chini ya dawati, na leo huenda kitakuwa ndani ya simu, usianze kwa kukichana. Mwulize amefikia wapi. Kisha mwulize anadhani huyo msichana itakuwaje, na kama angekuwa yeye mwandishi angemfanyaje. Mpe muda ajibu. Utajua kutokana na jibu lake mambo ambayo daftari la mahudhurio halitakuambia, na yeye atajua kwamba mwisho ni kitu kinachoamuliwa na watu, na kwa hiyo watu wanaweza kuamua vingine.